Karti ya grafiki ya okazio: mambo ya kuangalia mbele ya kutoa makuta

Ordinateri nyingi za bei ya chini zinazouzishwa Goma, Bukavu ao Bunia zilianza maisha yao kwenye biro: Dell OptiPlex ao HP za okazio. Kwa Word na filamu haziko na shida. Lakini kijana akifungua GTA V ao EA Sports FC, picha inakatika-katika. Mara nyingi kinachokosekana ni karti ya grafiki, kile kipande kinachochora picha kwenye ekrani. Ndicho kinachomeza makuta kuliko vingine, na ndicho watu wanadanganyiwa sana.

Kitu cha kwanza kuangalia haiko karti yenyewe, ni alimantasio: ile boksi ya chuma ambamo kable ya umeme inaingia. Etiketi yake inaonyesha wati ngapi inatoa. OptiPlex nyingi ziko na wati 240 mpaka 290 tu, bila fishi ya pini 6 ao 8 ya kulisha karti kubwa. Tundu la karti-mama lenyewe linatoa wati 75, basi. Kwa hiyo mwenye mashini ya namna hiyo atafute karti isiyopita hapo: GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, GTX 1650 ya 2019, ao RTX 3050 ya giga 6 iliyotoka 2024, kama mfuko unaruhusu. Hata hivyo, GTX 1650 zingine ziko na fishi ya pini 6. Lazima kuigeuza mkononi na kuangalia.

Hapa ndipo wengi wanaanguka. RX 580 ya giga 8 inapita GTX 1650 kwa nguvu, na kwa okazio bei yake inavutia. Lakini inakula wati 185 na inaomba fishi yake. Ukiweka hiyo kwenye alimantasio ya biro, ordinateri itazimika katikati ya mechi, ao haitawaka kabisa. Na kubadilisha alimantasio ya Dell haiko kazi nyepesi, sababu mara nyingi fishi zake haziko za kawaida. Ile dola 20 mtu alifikiri ameokoa inarudi kutoka kwa njia ingine.

Kama boksi ya ordinateri iko nyembamba, ile ya kulala juu ya meza, karti ya kawaida haiingii. Inaomba ile fupi. RX 6400 inaenea mule na inakula wati 53 tu, ila inatumia njia nne za PCI Express, na kwenye ordinateri ya zamani inapoteza sehemu ya nguvu yake.

Mwenye kuuzisha atasema: "Hii iko na giga 4!" Giga peke yake haitoshi. Kuna GT 730 yenye giga 4, na bado ni karti dhaifu. EA Sports FC 24 inaomba GTX 1050 Ti kwa uchache. Chini ya hapo ni kutupa makuta.

Kuna pia karti za uongo. Watu wanachukua GTS 450 ao GTX 550 Ti, za 2010 na 2011, wanabadilisha programu ya ndani ili ijitaje GTX 1050 Ti. Windows yenyewe inadanganyika. Programu ya bure inayoitwa GPU-Z inasoma chipu, na tangu 2018 inaandika FAKE pembeni ya jina ikigundua uongo. Alama ingine ni tundu la bluu la VGA: chipu za GTX 10 hazitoi tena VGA, kwa hiyo ukiliona, shuku. Mwenye ekrani ya VGA ahesabu pia bei ya adapteri.

Karti nyingi za okazio zilichimba Ethereum usiku na mchana, mpaka kazi hiyo ilipokwisha Septemba 2022. Haina maana zimekufa, lakini vantilateri zake zimechoka. Mnunuzi aombe mchezo uchezwe pale pale dakika 20, huku anaangalia joto. Ikipita digrii 85, ao picha ikiweka madoa, aache. Ile "jaribu nyumbani, utanirudishia" haisaidii mtu aliyetoka Sake kwa moto.

Kwa mji wa mawe ya volkano kama Goma, vumbi nyeusi inaziba vantilateri haraka. Kupuliza kila mwezi ni lazima. Umeme ukiwa unapanda na kushuka, stabilizateri inunuliwe pamoja na karti.

Na mwenye giga 4 za RAM aanze na bareti ya pili: iko bei ndogo, na bila hiyo karti mpya pia itakwama. Mwenye laptop, yeye, asidanganywe na mtu: karibu zote, karti yake haibadilishwi.