Boriti, baraza na simiti: Jinsi nyumba za Mombasa zilivyobadilika

Kijana mmoja wa mtaani kwetu aliniuliza majuzi kwa nini vyumba vya nyumba za Mji wa Kale ni virefu na vyembamba, kama kwamba mtu amejenga ujia badala ya chumba. Yeye alidhani wazee hawakuwa na nafasi. Nilimwambia ainue kichwa atazame dari. Jibu lilikuwa pale juu: boriti.

Boriti ni mti wa mkoko, na mkoko una kipimo chake. Ukitaka mti ulionyooka, wenye unene wa kubeba sakafu ya mawe na chokaa bila kupinda, utapata urefu wa mita 2.5 hadi 3 hivi, basi. Huo ndio upana wa chumba. Fundi aliweza kurefusha chumba apendavyo upande wa pili, lakini upana alipewa na mti. Nimeanza na boriti makusudi, kwa sababu wengi wetu tukizungumzia mabadiliko ya mji tunazungumzia rangi na urefu wa majumba. Mimi naona tungeuliza mambo mawili: nyumba imejengwa kwa kitu gani, na ardhi iliyo chini yake ni ya nani.

Nyumba ya mawe ya Kiswahili ilijengwa kwa matumbawe. Kuna yale magumu yaliyochimbwa nchi kavu, ya kujengea kuta, na yale yaliyokatwa baharini yakiwa bado laini, ya kuchonga mihirabu, fremu za milango na zidaka. Chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa kwa kuni. Kuta zilikuwa nene, na unene huo ndio uliozuia joto la mchana. Mgeni aliishia dakani au kwenye baraza, mwenyeji akapita hadi kiwandani, yaani ule uwanja wa ndani ulio wazi juu unaoleta mwanga na upepo, na ndani kabisa ndiko kulikokuwa na faragha ya wanawake wa nyumba. Pengine nyumba mbili za jamaa ziliunganishwa juu kwa wikio, kijidaraja kinachovuka ndia, ili kina mama waamkiane bila kushuka chini.

Mji lakini haukuanza na mawe. Ibn Battuta alipopita hapa mwaka 1331 alikuta watu wanaokula ndizi na samaki, na misikiti iliyojengwa kwa mbao kwa ustadi mkubwa. Aliandika pia kwamba kwenye milango ya misikiti palikuwa na kisima kimoja au viwili, na mtu aliosha miguu kabla ya kuingia. Mbao zile hazikubaki. Kisima cha msikiti bado tunacho katika misikiti mingi ya zamani, na siku mfereji ukikauka ndiko majirani wanakokimbilia na mitungi.

Miaka 174 baadaye mji ulikuwa mwingine. Wareno walipoushambulia na kuuchoma mwaka 1505, mmoja wa waliokuwa pamoja nao aliandika alichokiona: nyumba za mawe za hadi orofa tatu, zilizopakwa chokaa, na ndia nyembamba hata watu wawili hawapiti sambamba. Akaongeza kwamba mbele ya nyumba mlikuwa na viti vya mawe vilivyozidi kuibana ndia. Hizo ni baraza, msomaji wangu. Na katikati ya majumba ya mawe zilikuwamo nyumba za miti na makuti, ambazo ndizo zilizoeneza moto. Kwa hivyo wanaosema makuti ni ya maskini waliokuja juzi na mawe ni ya wenye mji, hawajasoma vizuri. Tangu zamani vitu hivi viwili vimekaa ubavu kwa ubavu.

Wareno wakarudi na kujenga Fort Jesus kuanzia mwaka 1593, kwa mchoro wa Mwitaliano Giovanni Battista Cairati na kwa matumbawe ya hapa hapa. Ngome hiyo ilizingirwa na Waomani mwaka 1696 ikaanguka 1698, ikawa makao ya Mazrui, ikachukuliwa na Sayyid Said mwaka 1837, ikawa gereza la Waingereza tangu 1895 hadi 1958. Leo ni makumbusho, na tangu 2011 imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Habari zake zimeandikwa sana, sitakaa hapo.

Ambalo halisemwi sana ni kwamba nyumba nyingi unazoziona Mji wa Kale leo ni za karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Mpangilio wa ndia ni wa kale kuliko kuta. Roshani za mbao zilizochongwa, zinazopigwa picha na kila mtalii, zilikuja na mitindo ya wafanyabiashara na mafundi wa Kihindi. Sisi tukaziita zetu, na sasa ni zetu kweli.

Reli ndiyo iliyougeuza mji. Ilipoanza kujengwa mwaka 1896, meli kubwa zilihitaji maji yenye kina, na jina lenyewe la Kilindini linakwambia kina kiko wapi. Bandari ya kale upande wa mashariki iliachiwa majahazi. Ofisi, mabenki na maghala yakahamia magharibi, na kwa muda palikuwa na vigari vidogo vilivyosukumwa na watu juu ya vyuma, vikimpeleka bwana mkubwa kutoka mjini hadi Kilindini. Mahakama ya zamani karibu na Ngome ilijengwa mwaka 1902. Mabati yakaja kwa wingi, na paa za makuti zikaanza kupungua. Bati halishiki moto na halivuji, lakini mwenye kulala chini yake mwezi wa Februari anajua halina huruma.

Sasa nifike Majengo, ambako ndiko moyo wa habari hii uliko. Watu wa Mji wa Kale huzungumza kama kwamba urithi wa ujenzi unaishia Bondeni. Nyumba ya Majengo ina mpango wake, na mpango huo ni wa akili: baraza mbele, ukumbi mrefu katikati kutoka mlango wa mbele hadi uani, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, jikoni na choo uani. Upepo unaingia mbele unatokea nyuma. Mwenye nyumba alikaa na wanawe katika vyumba viwili, akapangisha vinavyobaki kwa mabaharia, makuli wa bandarini na wajane. Nyumba moja ilikuwa riziki ya ukoo mzima.

Lakini kuta zilikuwa za fito na udongo. Kwa nini, wakati matumbawe yapo kila mahali? Hapa ndipo panapoulizwa ardhi ni ya nani. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilimtaka kila mtu wa ukanda wa Pwani adai ardhi yake na kuithibitisha. Ambayo haikudaiwa ilihesabiwa kuwa ya serikali. Waliojua karatasi na njia za ofisini walipata hati, wengi wengine hawakupata. Kutoka hapo likakua jambo ambalo watu wa bara hushangaa tukiwaeleza: nyumba ni yako, ardhi si yako. Unamlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja kila mwezi, unajenga, unaoa, unazaa, unarithisha kuta, mabati na milango. Na mwenye ardhi hakutaka ujenge kwa mawe, kwa maana jengo la kudumu ni dai la kudumu. Udongo wa Majengo basi haukuwa umaskini peke yake. Ulikuwa ni masharti.

Wakati huo mji ulikuwa unavuka maji. Daraja la Nyali la kwanza, lililoelea, lilifunguliwa mwaka 1931, na kivuko cha Likoni kikaanza 1937. Daraja la zege la Nyali lilikuja mwaka 1980, na mashamba ya zamani ya mkonge ng'ambo ile yakawa mitaa ya wenye uwezo. Mwaka 1954 kiwanda cha simiti cha Bamburi kilianza kazi. Simiti ile nayo inatokana na mawe ya matumbawe ya kale. Babu alichoma matumbawe akapata chokaa, kiwanda kikayachoma kwa moto mkali zaidi pamoja na vitu vingine kikapata simiti. Kilichobadilika ni kwamba zege lenye vyuma halijali urefu wa mkoko. Chumba kikapanuka, orofa zikapanda, na fundi wa chokaa akakosa kazi.

Sina ugomvi na orofa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti yetu, na hatuwezi kuwalaza wote kwenye nyumba za vyumba sita. Ugomvi wangu ni na mchoro. Majengo mengi mapya ya Tudor, Kizingo na hata Majengo yenyewe yamefunika kiwanja chote hadi mpakani. Chini ni maduka au maegesho ya magari, halafu geti na mlinzi. Hakuna baraza. Mzee aliyezoea kukaa nje baada ya alasiri anapewa chumba cha orofa ya tano na feni. Dirisha lake linatazama ukuta wa jirani, na upepo wa kusi unaopita pale nje haumfikii.

Mji wa Kale ulitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1990, na mwenye nyumba humo hawezi kubomoa au kubadili apendavyo bila idhini. Hilo limeokoa mengi. Lakini idhini haimletei mjane pesa za boriti na mafundi, na nyumba ya urithi wenye warithi ishirini hakuna anayeitengeneza. Inaachwa inyeshewe mpaka ianguke yenyewe, kisha inauzwa kiwanja. Mwaka 2018 serikali ya kaunti iliagiza majengo ya mjini yapakwe rangi nyeupe na buluu. Mji ulipendeza, sikatai, ila rangi haishiki paa. Kazi niliyoipenda zaidi miaka hii haina rangi wala nakshi: daraja la Makupa la 2022, lililokuja mahali pa lile tuta lililozuia maji ya hori tangu enzi za ukoloni. Sasa maji yanapita tena, na hiyo mikoko tunayoilia inapata uhai.

Mjomba wangu alikuwa na nyumba Majengo, vyumba sita, aliyoirithi kwa babake. Kodi ya kiwanja hakuwahi kukosa. Siku moja ilikuja barua kwamba ardhi imeuzwa na mnunuzi anataka kujenga. Kwa desturi ya mkataba ule, unachoruhusiwa kuchukua ni vitu vyako, basi alivichukua: mabati, madirisha, boriti chache ambazo hazijaliwa na mchwa, na mlango wa mvule aliochongesha babake. Kuta alizisukuma kwa mikono na wanawe, zikarudi kuwa udongo kabla ya adhuhuri. Pale sasa pana orofa saba. Mjomba alihamia Kisauni kwa binti yake, katika nyumba ya matofali ya simiti yenye mlango wa chuma, na ule wa mvule haukutosha fremu. Mpaka leo umeegemezwa ukutani uani, na wajukuu huanikia nguo juu yake.