Raha Iliyochorwa Katika Shaba

Antoine Watteau, mchoraji wa Ufaransa, alipofariki mwaka 1721, rafiki yake Jean de Jullienne alikusudia kazi zake zisipotee. Aliwakusanya mafundi, miongoni mwao kijana François Boucher, wakazinakili katika mabamba ya shaba, zikapigwa chapa na kuuzwa. Humo mna mabwana na mabibi wa hariri wakipiga gitaa, wakicheza dansi, au wakibembea kati ya mapambo ya majani yaliyopindana. Kazi ni nadra kuonekana, hata mchunga kondoo, akitokea, huwa kama yumo mchezoni.

Walakini Jullienne mwenyewe hakuzaliwa muungwana. Mali yake ilitokana na viwanda vya kufuma na kutia nguo rangi huko Gobelins, Paris. Daraja ya uungwana alipewa na mfalme mwaka 1736. Hivyo raha ya wasiofanya kazi ilienezwa kwa mikono ya mafundi na kwa fedha ya mwenye viwanda. Tena asiyemiliki bustani wala picha ya rangi aliweza kununua karatasi, akaitundika ukutani. Ndipo uungwana ulipogeuka kuwa kielelezo cha kuigwa. Na kinachoigika hakidumu kuwa fahari ya wachache.