Lenzi za macho: maji, usingizi na serumu ya farmasi

Katika miji yetu ya mashariki, lenzi za macho, ao lantiye kama wengi wanavyosema, zimeingia kwenye arusi, kwenye klipu za wanamuziki na kwenye picha za simu. Kuna lenzi za kusaidia kuona, zile munganga wa macho anaandika kisha kupima. Na kuna za rangi: buluu, kijani, rangi ya asali. Hizi za pili zinauzwa kwenye saloni, kwenye vibanda vya vipodozi na siku hizi kupitia WhatsApp. Muuzaji hakuulize jicho lako liko namna gani. Anakuuliza tu unataka rangi gani.

Wasikilizaji wanatuulizaka kama vitu hivi vinapofusha watu. Lenzi iliyotengenezwa vizuri na kupimwa kwa jicho lako haipofushi. Kinacholeta hatari ni namna inavyooshwa, inavyotunzwa na kama mtu analala nayo. Na kwa maisha ya hapa kwetu, mambo hayo matatu si rahisi hata kidogo.

Inakaa wapi kwenye jicho?

Mbele ya jicho kuna kitu kama kioo, chenye kung'aa, kinachopitisha mwangaza. Waganga wanakiita konea. Unene wake katikati ni kama nusu milimita tu. Konea haina mishipa ya damu, kwa hiyo hewa yake nyingi inaipata moja kwa moja kutoka nje, kupitia machozi. Lenzi inaelea juu ya hayo machozi. Maana yake umeweka kifuniko juu ya kitu kinachopumua. Lenzi nzuri inapitisha hewa ya kutosha wakati macho yako wazi. Ukifunga macho ukalala, hewa inapungua sana, konea inavimba kidogo, na vijidudu vinapata mlango. Wataalamu wanahesabu kama kulala na lenzi kunaongeza hatari ya maambukizo mara 6 hadi 8. Hata usingizi mfupi wa mchana unahesabika.

Watu wengi wanaogopa pia kama lenzi inaweza kupotea nyuma ya jicho na kwenda kwenye ubongo. Hiyo hapana. Ngozi laini ya ndani ya kope inageuka na kushikana na jicho, inafunga njia. Lenzi inaweza kujificha chini ya kope ya juu, inasumbua, lakini haiendi mbali.

Kitu chenyewe si kipya. Munganga Adolf Fick alivalisha watu lenzi za vioo kule Zurich mwaka wa 1888, nzito na zenye kuumiza. Zile laini za leo zilitoka kwa Otto Wichterle, mtaalamu wa kemia wa Prague, aliyezitengeneza nyumbani mwisho wa mwaka wa 1961 kwa mashine aliyoiunga na vyuma vya mchezo wa watoto.

Maji ndiyo adui wa kwanza

Hapa ndipo tunaomba msomaji asimame kidogo. Lenzi haioshwi kwa maji. Si maji ya ziwa, si ya mvua, si ya bidoni, si ya bomba ya REGIDESO, si yale ya chupa ya dukani, na hata yale yaliyochemshwa hapana. Si kusema kama maji yetu peke yetu ni mabaya: hata Ulaya na Marekani watu wanakatazwa kuosha lenzi kwa maji ya bomba. Maji yanayofaa kunywa si lazima yafae kukaa juu ya jicho chini ya lenzi.

Ndani ya maji na udongo mnaishi mdudu mdogo anayeitwa akantameba. Si ile amiba ya tumbo tunayoizoea. Mtu asiyevaa lenzi anakutana naye mara nyingi bila shida, sababu machozi yanamfagia. Lakini akishikwa kati ya lenzi na konea, kwenye kimkwaruzo kidogo tu, anaanza kula konea. Maumivu yake ni makali sana, dawa zake ni ngumu kupata, na matibabu yanaweza kuchukua miezi, hata mwaka. Kuna wanaobaki bila kuona kwa jicho hilo. Kwa hiyo kabla ya kuoga, kunawa uso ao kuogelea Kivu ao Tanganyika, lenzi inatoka kwanza.

Na mate? Mtu akiona lenzi imekauka anaiweka mdomoni kidogo, kisha anairudisha machoni. Mdomo umejaa vijidudu. Basi, hiyo inatosha.

Serumu ya farmasi haiuwi vijidudu

Kosa lingine linaonekana kama la watu waangalifu. Dawa ya lenzi ni bei na haipatikani kila mahali, kwa hiyo mtu ananunua serumu fiziolojia, ile ya chumvi, na kulaza lenzi zake humo usiku. Serumu hiyo ni safi siku unaifungua, lakini haina nguvu ya kuuwa kitu. Inaweza kusuuza, haiwezi kusafisha. Kisha siku chache, chupa iliyofunguliwa inakuwa nyumba ya vijidudu. Maji na chumvi ulivyochanganya wewe mwenyewe jikoni ni vibaya zaidi.

Inayotakiwa ni dawa iliyoandikwa kuwa ya kusafisha na kuuwa vijidudu vya lenzi laini. Utaratibu wake hauchukui hata dakika tano. Unanawa mikono kwa sabuni na kuikausha vizuri kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, sababu mkono wenye majimaji unarudisha lile tatizo la maji. Unatoa lenzi, unaiweka kwenye kiganja, unamimina dawa, unasugua taratibu kwa kidole pande zote mbili, hata kama chupa imeandikwa kama si lazima kusugua. Unasuuza kwa dawa ileile. Unaiweka kwenye kasha lenye dawa mpya. Usiongezee dawa mpya juu ya ile ya jana, mwaga yote. Asubuhi, kisha kuvaa, mwaga tena, suuza kasha kwa dawa, si kwa maji, liache wazi likiwa limepinduliwa mahali pasipo vumbi. Kasha lenyewe linabadilishwa kila miezi mitatu. Angalia pia chupa: nyingi zinaandikwa kutupwa siku 90 hivi kisha kufunguliwa.

Lenzi zenyewe zina umri. Kuna za siku moja, za wiki mbili, za mwezi. Ya mwezi inahesabiwa kuanzia siku ulipofungua pakiti, hata kama uliivaa mara tatu tu. Mwenyi kuvaa mara moja kwa sherehe, afadhali atafute za siku moja, azitupe jioni. Hazihitaji dawa wala kasha.

Za rangi, bila kupimwa

Jicho lina ukubwa wake na mviringo wake, na hayo hayalingani kwa watu wote. Lenzi inayobana inanyima konea hewa, inayolegea inakwaruza. Ndiyo maana Marekani, tangu mwaka wa 2005, sheria inahesabu hata lenzi ya urembo kuwa kifaa cha matibabu, haiuzwi bila karatasi ya munganga. Rangi nayo ina shida zake: kwenye zile za bei ya chini inaweza kuwa imepakwa juu juu na kukwaruza jicho. Tena, usiku mboni inapanuka kuliko tundu la katikati ya lenzi, mtu anaona ukungu pembeni. Motari ao dereva asiendeshe nazo gizani.

Kuazimana lenzi kati ya bibi-arusi na wasindikizaji wake ni kama kuazimana mswaki, tena kwa jicho. Hata ukiloweka usiku kucha, usifanye. Lenzi inawekwa kabla ya kujipaka vipodozi, inatoka kabla ya kuvifuta.

Je, zinafaa kwa kila mtu hapa? Kwa maoni yetu, hapana. Anayepika kwa makala kutwa nzima, anayechomelea vyuma, anayepanda moto kwenye vumbi la Bunia ao kwenye mchanga mweusi wa volkano kule Goma, huyo lineti zitamsaidia vizuri zaidi, na hata zinazuia vumbi kidogo. Asiye na mafranga ya kununua dawa kila mara, vilevile. Na yeyote anayevaa lenzi awe na lineti za akiba nyumbani, sababu kuna siku jicho litakataa, na mtu asiye na lineti atalilazimisha.

Jicho likiwa jekundu

Wengi watasema: ni Apolo tu, itapita. Apolo kawaida inawasha, inatoa machozi ao matongo, inapita jicho moja kwenda lingine na kuambukiza nyumba nzima. Hata ikiwa ni yenyewe, lenzi hazivaliwi mpaka upone kabisa. Lakini kama unavaa lenzi na jicho moja linauma, linachukia mwangaza, linaona ukungu, ao kuna doa jeupe juu ya sehemu ya rangi, usingoje kesho. Kuna bakteria, hasa ile inayoitwa pseudomonasi, inayoweza kutoboa konea kwa siku mbili ao tatu.

Toa lenzi na usiirudishe. Usitie maziwa ya mama, mkojo, maji ya majani wala asali. Usinunue kolire yoyote, na zaidi ya yote ile yenye deksametazoni: inaondoa wekundu, unafikiri umepona, na kumbe mdudu anaendelea kula chini. Kolire ya kufisha maumivu nayo haifai kurudishwa nyumbani. Nenda siku ileile kwenye kituo chenye munganga wa macho. Kama uko mbali, muuguzi wa kituo cha afya akuandikie uhamisho haraka.

Lenzi na kasha lake usivitupe. Vifunge kwenye mfuko safi, uende navyo: mara nyingine maabara inamkuta mdudu ndani ya kasha wakati jicho lenyewe halijamwonyesha.