Daktari Neto na mashairi yaliyochapwa Dar es Salaam

Mwaka 1974 Tanzania Publishing House, iliyokuwa imechapa kitabu cha mwanahistoria Walter Rodney miaka miwili kabla, ilitoa diwani iitwayo Sacred Hope. Yalikuwa mashairi ya Agostinho Neto, yaliyofasiriwa kutoka Kireno na Marga Holness. Mtunzi hakuwa mgeni Dar es Salaam. Chama chake cha MPLA, kilichopigania uhuru wa Angola kutoka kwa Wareno, kilikuwa na ofisi mjini, na silaha za wapiganaji wake zilipita bandarini kuelekea Zambia. Februari ya mwaka huohuo alihutubia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaeleza kwamba adui wa Waangola si Mzungu kwa rangi yake bali mfumo unaowanyonya.

Kabla ya yote hayo Neto alikuwa daktari.

Alizaliwa tarehe 17 Septemba 1922 katika kijiji cha Kaxicane, Ícolo e Bengo, si mbali na Luanda. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kimethodisti, mama yake mwalimu. Alimaliza sekondari Luanda mwaka 1944, akafanya kazi katika idara ya afya ya koloni, kisha mwaka 1947 akaenda Ureno kusomea udaktari, kwanza Coimbra, baadaye Lisbon. Kanisa lilimsaidia kwa ufadhili.

Ilikuwa bahati ya wachache mno. Sheria ya Wareno iliwagawa Waafrika mafungu mawili: waliohesabiwa kuwa wamestaarabika, ambao katika Angola hawakufika asilimia moja, na wengine wote waliobaki, ambao serikali ingeweza kuwapeleka shokoa au kuwafunga kwa mikataba ya mashambani. Hao wa mikataba, wazee wa mashamba ya mkonge ya Tanga wangewaita manamba. Neto aliwatungia shairi. Linaonyesha msururu mrefu wa watu njiani, mizigo mizito migongoni, wamezihama nyumba zao, mioyo imejaa hofu, na bado wanaimba. Hatoi hotuba, anawatazama tu wakipita.

Aliingia chuo mwaka 1947 na kutoka mwaka 1958. Miaka 11 hiyo haikutokana na kichwa kizito. Katika Lisbon alikutana na Amílcar Cabral wa Guinea-Bissau na Mário de Andrade, mwenzake wa Angola, wakaanzisha kituo cha kusomea mambo ya Afrika, jambo ambalo polisi wa siri, PIDE, hawakulipenda. Alikamatwa akikusanya saini za mwito wa amani wa Stockholm, akaachiwa, akakamatwa tena. Kifungo kirefu kilianza Februari 1955 na kumalizika Juni 1957. Jean-Paul Sartre, Diego Rivera na mshairi wa Cuba Nicolás Guillén walikuwa miongoni mwa waliopaza sauti aachiwe. Oktoba 1958 akapata shahada yake, na siku hiyohiyo akamwoa Maria Eugénia da Silva.

Desemba 1959 alirudi Luanda na kufungua chumba cha kutibia wagonjwa. Kazi hiyo haikufika hata mwaka. Tarehe 8 Juni 1960 PIDE walimkamata humohumo kazini. Wagonjwa wake na watu wa kwao walipoandamana kutaka aachiwe, askari waliwafyatulia risasi. Idadi inayotajwa mara nyingi ni watu 30 waliouawa na 200 waliojeruhiwa. Ni wagonjwa wachache sana duniani waliowahi kumlipia daktari gharama kama hiyo.

Alipelekwa Aljube, gereza la Lisbon lililo jirani na kanisa kuu. Baadhi ya vyumba vyake vilikuwa na upana wa mita moja hivi na urefu wa mita mbili, na Wareno wenyewe waliviita mazizi ya mafahali. Oktoba 1960, akiwa gerezani, alitunga shairi la kuahidi kurudi nyumbani: kwenye ardhi iliyo nyekundu kwa kahawa na nyeupe kwa pamba, kwenye mito, maziwa na marimba. Kisha akahamishiwa visiwa vya Cape Verde, ambako aliwatibu watu huku akichungwa, na mwaka 1961 akarudishwa Aljube. Peter Benenson alipoandika makala yaliyozaa Amnesty International, Mei 1961, Neto alikuwa mmoja wa wafungwa aliowataja.

Mwaka 1962 alitoroka Ureno kwa boti pamoja na mke na watoto hadi Morocco, na kabla mwaka haujaisha akawa rais wa MPLA. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, vita vilipommeza mshairi: mashairi ya diwani ile ni ya kati ya 1945 na 1960. Udaktari nao uliendelezwa na wenzake. Dk. Américo Boavida aliuawa mwaka 1968 akiwatibu wapiganaji na wanavijiji upande wa mashariki wa Angola. Hospitali kubwa ya Luanda ina jina lake.

Usiku wa kuamkia 11 Novemba 1975 Neto alitangaza uhuru wa Angola na kuwa rais wake wa kwanza, na mwezi uliofuata akawa kiongozi wa kwanza wa umoja wa waandishi wa Angola, wakati bunduki bado zinalia.

Wasifu mwingi humalizia hapo kwa shangwe. Lakini tarehe 27 Mei 1977 kundi ndani ya chama lilijaribu kumpindua, na msako uliofuata uliua maelfu ya watu, wengi bila kufikishwa mahakamani. Aliyewahi kuteswa na PIDE sasa alikuwa mkuu wa dola iliyotesa. Mashairi yake ni mazuri na hayafuti jambo hilo.

Neto alifariki Moscow tarehe 10 Septemba 1979, akiwa amebakiza wiki moja kutimiza miaka 57. Familia za waliouawa baada ya 27 Mei zilisubiri hadi mwaka 2021, Rais João Lourenço alipoziomba radhi kwa niaba ya serikali.