Mkataba wa Munisagara na Deni la Kanisa

Masimulizi ya historia ya Ulutheri katika Tanzania huanza, kwa desturi, na mwaka 1887, Johann Jakob Greiner alipofika Dar es Salaam. Kwa hesabu ya vituo na ubatizo, mwanzo huo unatosha. Kwa hesabu ya haki hautoshi, kwa maana chama kilichomtuma Greiner kilizaliwa kutokana na tendo lililotendeka miaka mitatu kabla ya hapo, katika nchi ya Wasagara, ambayo leo ni sehemu ya wilaya ya Kilosa. Katika wilaya hiyo Injili ililetwa na Waanglikana wa CMS na mapadre wa Kikatoliki, na pengine ndiyo sababu sisi Walutheri hatuihesabu Kilosa kuwa yetu. Hata hivyo aliyelitenda tendo lile alikuwa mwana wa mchungaji wa Kilutheri.

Karl Peters alizaliwa mwaka 1856 huko Neuhaus, kando ya mto Elbe. Alifika Unguja mwezi Novemba 1884 pamoja na Carl Jühlke, Joachim von Pfeil na August Otto, wakiwa wajumbe wa chama cha kutafuta makoloni kilichoundwa Berlin mwaka uleule. Walivuka hadi Saadani, wakapita Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami, na kabla ya Krismasi Peters alikuwa amerudi pwani akiwa na mikataba 12. Tarehe 29 Novemba alitiliana mkataba na Mangungu wa Msovero. Siku chache baadaye, mapema Desemba, ilifika zamu ya mkuu ambaye Peters anamwita Muinin-Sagara, yaani mwinyi wa Usagara. Kijiji cha Munisagara kinabeba jina hilo mpaka leo.

Namna mikataba hiyo ilivyofanyika inajulikana kwa kalamu ya Peters mwenyewe, ambaye hakuona haya kuieleza. Kwanza zilitolewa zawadi na kinywaji. Kisha walichanjiana udugu na mkuu wa mji. Baada ya hapo bendera ilipandishwa, mkataba ukasomwa kwa Kijerumani, hotuba ikatolewa, na mizinga ya bunduki ikapigwa ili watu waone nguvu ya wageni. Karatasi ilisema kwamba mkuu ametoa nchi yake yote, pamoja na haki zake zote, itumiwe na Wajerumani milele.

Yafaa tutulie hapa, maana hapa ndipo penye kiini cha jambo. Kuchanjiana ni kiapo. Mgeni aliyechanjiwa huwa ndugu: hupewa mahali pa kujenga na pa kulima, hulindwa, na yeye naye hufungwa na wajibu wa kumlinda mwenyeji wake. Nchi yenyewe haihami, kwa kuwa ni ya ukoo, wa walio hai na waliokufa. Peters alikitumia kiapo cha udugu kama mhuri wa hati ya mauzo. Mkuu wa Usagara alijua vema alichokuwa akikifanya: njia ya misafara ilipita nchini mwake, nguvu ya Sayyid Barghash ilikuwa ikisogea kutoka pwani, na ndugu mwenye bunduki alikuwa na faida. Siku hizi jina la Mangungu limekuwa neno la kejeli katika mazungumzo yetu juu ya mikataba mibovu ya madini. Kejeli hiyo humwangukia aliyedanganywa, naye aliyedanganya hupita salama.

Mwana wa mchungaji bila shaka alifundishwa Katekisimo. Katika ufafanuzi wa amri ya saba, Katekisimo Ndogo inakataza kuipata mali ya jirani kwa biashara ya hila. Na katika Katekisimo Kubwa Luther anawasema kwa ukali wezi wakubwa, wale wanaoketi katika viti vya heshima na kuziibia nchi nzima huku wezi wadogo wakinyongwa. Basi hakuna haja ya kuazima theolojia ya karne ya 20 ili kulihukumu tendo la Munisagara. Kipimo kilikuwamo nyumbani kwao Neuhaus.

Tarehe 27 Februari 1885, siku moja baada ya Mkutano wa Berlin kufungwa, Kaisari Wilhelm wa Kwanza alitia sahihi barua ya ulinzi juu ya nchi hizo. Barghash alipinga, mwezi Agosti manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya jumba lake, naye akakubali. Mwaka 1886 kiliundwa Berlin Chama cha Misioni ya Kiinjili kwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, na Peters na watu wa kampuni yake walikuwa miongoni mwa waliokianzisha. Hicho ndicho chama kilichomtuma Greiner. Baada ya Friedrich von Bodelschwingh kuingia katika uongozi wake mwaka 1890, kilipata roho nyingine, kikafungua kazi Mlalo mwaka 1891, na hatimaye kikajulikana kama Misioni ya Betheli. Makanisa ya Usambara na Bukoba ni matunda yake.

Walikuwapo waliopinga. Gustav Warneck, mwalimu mkuu wa elimu ya misioni wakati huo, alionya katika mkutano wa misioni wa Bremen, mwezi Oktoba 1885, kwamba kazi ya misioni isifungwe katika jembe la ukoloni. Tunamheshimu kwa hilo. Lakini tukisoma hoja yake kwa makini tunaona kwamba alichokilinda kilikuwa uhuru na usafi wa misioni. Aliuliza kama mmisionari amtumikie Kaisari. Kama ardhi ya Msagara imeibiwa, hilo halikuwa swali la mkutano. Fundisho la tawala mbili lilikuwa limekwisha kufanywa ukuta: mikataba ni ya serikali, roho za watu ni za Kanisa. Aliyesimama katika bunge la Ujerumani mwezi Januari 1889 na kuuliza kampuni hii ni ya nani, na inafanya nini Afrika, alikuwa August Bebel, msoshalisti asiyeamini.

Ni Bebel huyohuyo ambaye mwaka 1896 alianika bungeni habari za watu walionyongwa kwa amri ya Peters huko Kilimanjaro. Mwaka uliofuata Peters alifukuzwa kazi kwa hukumu ya mahakama ya nidhamu. Mashtaka yalihusu Kilimanjaro. Mikataba ya Usagara haikuguswa.

Kwa hiyo mikataba iliendelea kuzaa. Amri ya tarehe 26 Novemba 1895 iliifanya ardhi yote iliyohesabiwa kuwa haina mwenyewe kuwa mali ya Taji. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, na karibu na wakati huo kampuni ya nguo ya Heinrich Otto ilianza kulima pamba Kilosa katika shamba kubwa. Baadaye mkonge ulienea. Waingereza, kwa sheria ya mwaka 1923, walibadili maneno wakaacha mamlaka mikononi mwa Gavana. Desemba 2000 watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Chanzo cha mauaji hayo hakiwezi kubebeshwa Peters peke yake. Lakini wakulima na wafugaji wa Kilosa wamekuwa wakigombea ardhi iliyobaki baada ya mashamba makubwa kukatwa.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inataka mkutano mkuu wa kijiji uridhie kabla halmashauri ya kijiji haijagawa ardhi. Katika mkutano huo mchungaji na mwinjilisti huketi kama wanakijiji wengine, nao mara nyingi ni miongoni mwa wachache ambao watu huwaletea karatasi wasiyoielewa, wakiomba wasomewe.