Kabla ya Spika za Masikioni, Huku Watu Walikimbia na Kengele

Nyinyi watu hamniachi. Kila wiki kuna mtu ananiomba orodha ya nyimbo za kukimbilia vijia vya vilima vya Amukura na Samia. (Vijia vya mazoezi, jamani, sio zile njia za panya. Hizo waachieni wenyewe.) Sawa, orodha mtapata. Lakini kwanza historia kidogo, kwa sababu huku mpakani kukimbia na muziki hakukuletwa na simu.

Tuanzie 1902. Mwaka huo Waingereza walikata mkoa wa mashariki wa Uganda wakauunganisha na nchi ambayo leo ni Kenya. Mpaka ukapita kwenye mito kama Sio na Malaba, ukapanda hadi Mlima Elgon. Wateso wakajikuta pande zote mbili. Wabukusu wakabaki Kenya, ndugu zao Wagisu wakabaki upande wa Mbale. Karatasi iligawanya watu, lakini nyimbo za tohara ziliendelea kuvuka.

Na hapo ndipo kuna wakimbiaji wetu wa kwanza wa vijiani. Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, hasa ikikaribia Agosti, kijana wa Kibukusu anayejiandaa kutahiriwa huzunguka kwa jamaa zake kuwaalika. Mikononi ana chinyimba, kengele anazozigonga kwenye bangili za chuma. Marafiki wanamfuata wakiimba, boma hadi boma, kilima hadi kilima. Wagisu nao wana imbalu yao, na ngoma za kadodi zinazosukuma umati mzima barabarani.

Angalia vizuri hiyo picha. Kijana hasikilizi muziki, anaupiga yeye mwenyewe. Akipunguza mwendo, kengele inapungua na kila mtu anajua amechoka. Kundi linaongeza sauti, anarudi kwa mwendo. Halafu kengele inatangulia mbele: walio njiani wanapisha, jamaa wanajua mgeni anakuja. Muziki mmoja, kazi tatu: kupanga miguu, kutia moyo, kutoa habari.

Wazungu nao wamekuja kupima haya mambo. Costas Karageorghis wa Chuo Kikuu cha Brunel, Uingereza, amechunguza muziki na mazoezi kwa miaka mingi. Kwa kifupi, mdundo wa kama 120 hadi 140 kwa dakika unafaa mazoezi mengi, na muziki unakufanya uone kazi ni nyepesi kama hujajisukuma sana. Ukifika pale pumzi inakata, nguvu yake inapungua. Mkimbiaji wa Ethiopia Haile Gebrselassie alijua kutumia mdundo: Februari 1998 huko Birmingham aliomba wapige wimbo wa Scatman uwanjani, akavunja rekodi ya dunia ya mita 2000 za ndani. Lakini hata yeye hakuziba masikio. Wimbo ulisikika na uwanja mzima.

Hapo ndipo naona tumepotea. Tumechukua kazi moja ya muziki, ile ya kutia moyo, tukaifungia ndani ya masikio. Unashuka kilimani kuelekea barabara ya Busia–Malaba, malori ya mizigo yanapita, boda inatoka nyuma yako bila honi, na wewe uko dunia nyingine. Kengele ya zamani ilikutangaza. Spika za leo zinakuficha.

Sasa orodha. Ukiwa tambarare, jaribu tuisti za Daudi Kabaka. Helule Helule ilipendeza hadi bendi ya Uingereza, The Tremeloes, ikaurekodi 1968. Ukitembea kupumzika, tafuta kinubi cha Wateso, adeudeu. Kilima kikiwa kikali, zima kabisa, sikiliza pumzi. Na spika iwe sikio moja tu, lile lisilo upande wa barabara.

Kuna wimbo mmoja sitauweka: Sioyaye. Najua unapandisha mzuka, na kuna wanaotaka tuuchanganye na mdundo wa klabu. Lakini huo ni wimbo wa alfajiri moja, kijana akitoka mtoni amepakwa matope, anaelekea kisu bila kurudi nyuma. Ukiufanya wa kupunguza kitambi kila Jumamosi, siku yake ikifika utakuwa umeshazoeleka. Wimbo ukitolewa kwa kazi yake, unabaki kelele.

Bora mkimbie wanne watano, mmoja aanzishe, wengine waitikie. Haina bando, haina chaji. Na mwaka wa tohara ukifika, ukisikia chinyimba zikija mbele yako, toa hiyo spika, simama kando, pisha. Huyo ana kazi kubwa kuliko yako.