Barabara ya Harry Thuku

Vijana wa Tena waendao Chuo Kikuu cha Nairobi huipita Barabara ya Harry Thuku pasipo kuulizwa kabila wala rangi. Haikuwa hivyo daima. Mnamo Machi 1922 Waafrika walikusanyika hapo kudai Thuku afunguliwe. Polisi wakapiga risasi, na watu wasiopungua 21 wakafa, karibu na Hoteli ya Norfolk ambamo Mwafrika aliingia kwa utumishi tu.

Mwaka 1952, katika mwezi uliofuata tangazo la Hali ya Hatari, Jumba la Michezo ya Kuigiza la Taifa lilifunguliwa barabarani humo. Lakini hata Oktoba 1976, nchi ikiwa huru, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo juu ya Dedan Kimathi ulipewa siku chache tu, kwani michezo ya kigeni ilikwisha pewa nafasi.

Kwa hiyo, kutumia barabara moja si kuchanganyika. Watu huchanganyika kweli pale kila mmoja apatapo mlango wa kuingilia, na sauti katika kupanga yafanyikayo ndani. Nasi wa Tena, tuliotoka pande nyingi za nchi, tusilisahau neno hili katika mikutano yetu.